Shemeji Asiyekunywa Alinipeleka Baa

Mlioniacha wiki iliyopita nimekaa juu ya pipa nikilia kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko, leo nimeshanyamaza. Machozi yalikauka yenyewe. Yaliyofuata hayakuwa ya kulia tena.

Kwa mgeni aliyetufikia leo, niseme kwa ufupi. Mimi ni mtengeneza bia. Kiwanda kikubwa kilinitimua, nikaona isiwe tabu, nikaanza kutengeneza yangu mwenyewe kwenye stoo ya chini ya nyumba yetu, mke wangu akinioshea chupa na kunivumilia. Nilitumia chachu niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu, iliyoishi ndani ya mtungi wa kioo tangu sijaota ndevu. Bia ya kwanza ikatoka tamu. Mbili zilizofuata zikachacha, zikawa siki ya kuoshea sufuria.

Ilikuwa imebaki bia moja ndani ya mapipa. Nayo ikiharibika, basi, mimi si mtengeneza bia tena, ni mtu mwenye mapipa.

Hiyo stoo mnapaswa kuijua vizuri. Iko nusu chini ya ardhi. Unafungua mlango ubavuni mwa nyumba, unashuka ngazi, unafika chini kwenye mapipa. Ina kidirisha kimoja juu kabisa, usawa wa ua, na tundu la hewa chini ukutani ambamo nilikuwa nimefunga feni. Feni hilo halikuzimwa usiku wala mchana.

Sasa, sisi watu wa bia tuna kichaa chetu. Tunaogopa vumbi kuliko tunavyoogopa mwizi. Nilishajishawishi kwamba uchafu unaoniharibia bia unaingia na hewa. Kwa hiyo asubuhi ya siku ile, povu lilipopanda vizuri kwenye mapipa, nikasema safari hii hakiingii kitu. Nikazima feni. Nikashindilia sponji kwenye tundu. Nikabandika utepe wa gundi kuzunguka kidirisha chote, na chini ya mlango nikapigilia ukanda wa mpira. Kisha nikasimama nje mikono kiunoni, nikajipongeza. Hata mbu angetaka kupita, ingebidi abishe hodi.

Mke wangu hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa mama yake. Sikumwambia. Tangu bia ya pili ichache nilikuwa simwambii mambo mengi. Ufunguo nikautia mfukoni.

Kikumbukeni chumba hicho wakati nawasimulia habari za baa, kwa sababu mimi sikukikumbuka.

Alasiri akaja shemeji na pikapu yake. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi wa milango na mageti, mtu wa chuma kweli kweli, ila hajawahi kuonja pombe. Hata dawa ya kikohozi huisoma karatasi yake kwanza. Kwao wamezaliwa wawili tu, yeye na dada yake, na mama yao anawapenda kama mboni za macho. Mimi nimeruhusiwa kumkopa mmoja.

Akaegemea dirisha la gari akaniambia nimekonda, nimekuwa kama waya wa kuanikia, na kwamba leo ananizungusha kwenye baa za watu wanaotengeneza bia kama mimi, nikatulize akili.

Nikacheka. Nikamuuliza tangu lini mwenye kunywa soda kwa mrija anamwalika mtu baa.

"Tangu leo, shemeji. Panda."

Nikapanda. Ningekuwa na akili ningejiuliza mara mbili, lakini nilikuwa na kiu.

Baa ya kwanza ilikuwa ndani ya gereji ya zamani ya matairi. Bado ilinuka mpira. Mwenyewe tunamwita Profesa, maana hakupi glasi bila mhadhara. Alitueleza kimea chake kilikaangwa vipi, maji yake yalichujwa mara ngapi, na kwa nini bia ile ina rangi ya chai ya mkandaa. Nikaonja. Ilikuwa na ladha ya mhadhara.

Shemeji alikuwa na soda yake. Hakuinywa. Simu ilikuwa mezani mbele yake, na kila mara aliigusa kwa kidole ili iwake, akaitazama, akaiacha izime. Nikamtania kwamba kama amepata mchumba aseme, tuanze kuchanga. Akatabasamu upande mmoja tu wa mdomo.

Nikasema twende nyumbani nikaangalie mapipa yangu.

"Bado mapema," akasema, haraka mno. "Mapipa hayana miguu."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Alikuwa anatoka jasho, na pale ndani kulikuwa na baridi.

Alitaka tuvuke mji tukatafute baa fulani mpya. Mimi nikang'ang'ania twende kwa Mama Mapipa, kwa kuwa ni karibu na ndiye mtengeneza bia pekee ninayemheshimu. Shemeji akaleta visingizio. Mara pale hapana maegesho, mara pana kelele. Kadiri alivyokataa ndivyo nilivyotaka. Mimi ndivyo nilivyoumbwa. Ukiniambia sufuria ni la moto, nitaweka mkono.

Kwa Mama Mapipa hakukuwa na kelele hata kidogo. Ni ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji iliyooshwa, mabomba ya shaba kwenye kaunta, kila bomba na kibao chake cha jina. La mwisho halikuwa na kibao. Nikamwomba msichana wa kaunta anionjeshe hilo lisilo na jina.

Akanimiminia. Nikainua glasi, nikanusa, na mkono wangu ukasimama hapo hapo.

Kuna mtu anayeweza kumjua mtoto wake kwa kikohozi tu, hata kama wako watoto mia ukumbini. Mimi niliijua ile harufu. Ganda la chungwa lililokaa juani, kisha nyuma yake mkate ulioungua kidogo ukingoni. Hiyo ni chachu ya mjomba wangu. Haikuwahi kutoka nje ya nyumba yangu. Nilishaapa mbele ya mke wangu kwamba atakayeigusa bila idhini yangu nitamrudisha kwao, na nilipoapa hivyo hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kuambiwa.

Mama Mapipa akatokea mlango wa nyuma anajifuta mikono. Akaona glasi, akaniona mimi, akamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

"Hii chachu umeitoa wapi, mama?" nikamuuliza.

Mama Mapipa ni mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo. Akaichukua ile glasi mbele yangu taratibu, akaimwaga kwenye sinki.

"Kamuulize mkeo," akasema. "Mimi niliombwa ninyamaze, na nimenyamaza kadiri nilivyoweza."

Wasomaji wangu, nawaambia ukweli, masikio yalinilia. Nilitoka pale bila kuaga. Kichwani nilikuwa nimeshaikamilisha kesi, na hukumu nimeshaandika. Mke wangu amenizunguka. Amemgawia mpinzani wangu chachu yangu, yangu ikafa, ya mwenzangu ikashamiri. Na ndugu yake ananizungusha mjini ili nisiwe nyumbani wakati mzigo mwingine unatoka.

Mtu mwenye busara angekwenda nyumbani moja kwa moja akaulize. Mimi nilitaka kuumiza. Nikajiambia, kama wanataka nisiwe nyumbani, basi sitakuwepo. Akae peke yake. Ale peke yake. Anitafute asinipate.

Nikatoa simu mfukoni, nikaizima.

Hilo ndilo ninaloungama leo. Mengine yote mnaweza kunisamehe.

Baa ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi ulipanda kupitia mbao za sakafu, na kila meza ilikuwa na unyevu. Nikaagiza glasi kubwa kuliko zote. Nikanywa nusu bila kuonja, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, ni kama kumsalimia mtu bila kumtazama.

Sasa mambo yakageuka. Shemeji, aliyekuwa ananizuia nisirudi, ndiye akaanza kutaka turudi. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa. Akasimama, akakaa. Akapiga simu, akaiweka sikioni, akaishusha. Akapiga tena.

"Shemeji, twende," akasema.

"Bado mapema," nikamjibu. "Mapipa hayana miguu."

Nilifurahia kumrudishia maneno yake. Nikaagiza nyingine. Akaniambia tena twende, sauti imebadilika, nami nikanyoosha miguu chini ya meza nikamwuliza kama ile baa mpya bado anaitaka. Nilikaa pale nikimtazama anavyohangaika, na moyo wangu ukasema, hivyo hivyo, mkaange taratibu.

Mwishowe akanishika mkono juu ya meza. Vidole vya fundi chuma, vikavu.

"Nisikilize. Dada alitakiwa anitumie ujumbe akimaliza. Ni kazi ndogo tu. Muda umepita sana, na sasa hapokei."

"Akimaliza kuniibia?"

"Kukuibia nini? Chachu yako ilikuwa inakufa, shemeji." Akasema hivyo taratibu, kama mtu anayeweka chini mzigo. "Ilikuwa inakufa na wewe hutaki kuambiwa. Akakwambia mara ya kwanza, ukamfokea mpaka majirani wakafunga madirisha. Akachukua kidogo kwenye kikombe akampelekea Mama Mapipa amuuguzie. Mama Mapipa akailisha, akaisafisha, akaijaribu kwenye pipa dogo aone kama imepona. Imepona. Leo dada alikwenda kuichukua, airudishe kwenye mtungi wako wewe ukiwa haupo, ile mbovu amwage."

Nikamuuliza kwa nini asiniambie.

"Alitaka uone imepona mikononi mwako. Alisema ukijua imeponyeshwa na mtu mwingine utavunjika."

Wasomaji, mwajua jinsi mtu anavyoweza kupata aibu mpaka ikawa na ladha mdomoni? Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kwenda kumpigia magoti mke wangu mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa nimeshaanza kusimama, na uso wangu nadhani ulikuwa na tabasamu la kijinga, ndipo neno moja likanirudia.

Airudishe kwenye mtungi wangu. Mtungi uko stoo.

"Ameingiaje?" nikamuuliza. "Ufunguo ninao."

"Mlango niliutengeneza mimi. Wa akiba nilikuwa nao. Nilimpa."

Sikusikia tena kelele za baa. Niliona sponji niliyoishindilia kwa kidole gumba. Niliona utepe kwenye kidirisha, jinsi nilivyoulainisha kwa kiganja usiwe na mkunjo.

Nieleze kwa asiyejua. Bia inapofanya kazi ndani ya pipa inatoa hewa nzito. Haionekani. Haipandi, inashuka, inajaa chumbani kutoka sakafuni kwenda juu kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Ukiingia ndani yake kichwa kinauma, miguu inalegea, unaanguka. Na ukianguka umeangukia pale ilipo nyingi zaidi. Ndiyo maana feni langu lilikuwa halizimwi. Miaka yote niliyofanya kazi hii nilikuwa najua jambo hilo kama ninavyojua jina langu, na asubuhi ile, kwa kuogopa vumbi, nililisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Na mlango ule shemeji aliufungia springi, ujifunge wenyewe.

Nikamwambia. Sikumwambia yote, nilisema tu kwamba nimezima feni na nimeziba. Alishaanza kushuka ngazi, meza imepinduka nyuma yake.

Ndani ya pikapu nikawasha simu yangu. Ilichukua muda wake kuamka, kama zinavyofanya unapokuwa na haraka. Kisha ikatetemeka mkononi. Mke wangu alikuwa amenipigia. Amenipigia mimi, si ndugu yake. Tena na tena.

Anayekuficha jambo hakupigii simu ukiwa haupo. Labda aliona feni limesimama akataka kuniuliza. Labda alikuwa ameshaanza kujisikia vibaya, na akajua ni nani anayeijua ile stoo. Nami nilikuwa ghorofani nanyoosha miguu chini ya meza.

Nikampigia mama mkwe, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Nikamwomba aende nyumbani sasa hivi, asimame uani amwite mwanawe kwa sauti. Nikamsihi asiingie stoo, hata iweje, hata akimwona, asishuke ngazi.

Mama mkwe si mtu wa maneno mengi.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Nikamwambia, mama, nenda tu. Akakata simu. Magoti yake ni mabovu, anatembea akishika kuta. Nilijua tungeweza kufika kabla yake.

Njiani shemeji aliendesha kwa mikono yote miwili, taya imekaza. Mimi ndiye niliyesema. Nilimweleza kisa cha kule kiwandani, mfanyakazi mmoja aliyeingia ndani ya tangi kuokota brashi, mwenzake akaingia kumwokota yeye, na jioni tukawazika wote wawili kwa maneno yale yale. Tangu hapo tukafundishwa kwamba aliyeanguka hafuatwi. Kwanza unaingiza hewa. Unavunja, unapepea, unasubiri.

"Umenisikia?" nikamuuliza. "Hatushuki. Nitavunja kidirisha, tutaacha mlango wazi. Tutasubiri."

"Nimesikia."

"Niapie."

Hakuniapia. Tulikuwa tumefika.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Juu ya meza, kupitia dirishani, niliona sahani mbili zimefunikwa. Nikaita jina ninalomwita mke wangu tukiwa wawili. Hakuna aliyeitika.

Mlango wa stoo ulikuwa umejifunga. Nikauvuta, springi ikalia, na ile hewa ikanipiga puani, ya kuchoma, kama ya soda iliyofunguliwa karibu na uso. Nikageuza kichwa, nikakohoa, nikatazama tena.

Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Mke wangu alikuwa chini kabisa, miguuni pa ngazi, amelala ubavu, mkono mmoja umenyooka kuelekea juu. Ule mwingine ulikuwa umekumbatia mtungi mdogo wa chachu kifuani. Haukuvunjika.

Nikamzuia shemeji kwa kifua. Nikamwambia ashike mlango uwe wazi, asifanye kingine chochote. Nikakimbia kuzunguka nyumba. Nikachukua tofali, nikapiga kidirisha. Kioo kilipasuka lakini kikabaki kimeshikiliwa na utepe wangu, kazi nzuri niliyoifanya kwa mikono yangu. Nikapiga tena. Nikavuta vipande kwa vidole, damu ikanitoka, sikuona maumivu.

Nikiwa nimepiga magoti pale nikasikia springi ya mlango inalia.

Nikasikia viatu vizito kwenye ngazi. Nikapiga kelele, rudi, rudi juu. Nikasikia kikohozi kimoja, kisha kitu kizito kikigonga mbao.

Nilipoingiza kichwa kwenye kidirisha nikamwona shemeji. Alikuwa ameanguka katikati ya ngazi, kichwa chini, mkono wake umemfikia dada yake kwenye bega. Alikuwa amemfikia kweli. Hakuna aliyetikisika.

Nikakimbia kurudi mlangoni. Nikaweka jiwe, mlango usijifunge tena. Hewa ingetoka, lakini taratibu, na wao hawakuwa na muda huo. Nilijua sheria ile vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Nilijua pia kwamba pumzi moja ya mtu inatosha kushuka, kushika mwili mmoja, na kuupandisha. Mmoja. Shemeji alikuwa karibu, ila mzito, na ndiye aliyeziba njia. Mke wangu alikuwa mbali zaidi, na chini zaidi, na amekaa mle muda mrefu zaidi.

Geti likagonga. Mama mkwe akaja ameshika ukuta, anahema, kilemba kimemlegea. Akaona gari la mwanawe. Akaona jiwe mlangoni na damu kwenye mikono yangu. Hakupiga kelele. Akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akainama, akatazama chini kule kulikokuwa na mwanga.

Kisha akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Utaanza na yupi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshavuta ile pumzi moja. Kumjibu kungeimaliza. Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake, nikashuka.